Siku Mjomba Alipotaka Kukuona Ukipasua

Makanyagio, Mpanda

Mtani wangu Fide,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, nakuomba sana: haya ninayokuandikia yabaki kwako. Usimwambie yeyote huko uliko, na hasa usimwambie Bibi. Utasema Bibi ni wetu. Ni wetu kweli, lakini unakumbuka mwenyewe kwamba Bibi akiambiwa jambo asubuhi kule Mwamkulu, kabla ya saa ya kula walikuwa wameshalijua mpaka stesheni. Sidhani kufa kumembadilisha kiasi hicho.

Kuna mtu ameniapisha. Aliniambia, "Usimwambie mtu yeyote aliye hai." Mimi ni karani, Fide, nasoma maneno kama yalivyo. Nimeyageuza maneno hayo kichwani wiki nzima, nikaona wewe hayakuhusu. Ndipo nikapata ujasiri wa kuchukua kalamu. Hata hivyo naandika mlango ukiwa umefungwa, na kila baiskeli ikipita nje nafunika karatasi kwa mkono.

Mtu huyo ni nani nitakuambia mwishoni. Nikianza naye hutasikiliza mengine, nakujua.

Nianze na ya nyumbani. Mpunga ulitoka vizuri mwaka huu baada ya mvua zile. Mama yako anakula. Kibanda chako cha baiskeli amekichukua fundi mmoja kutoka Kasansa, mtu mpole, anajua kazi, ila hapigi mluzi. Wateja wako wanalalamika kwamba baiskeli zao siku hizi zinatengenezwa kimya kimya kama zinaungama. Pampu yako bado inavuja palepale.

Na meza ya pool. Siku tuliyokuzika, Mama Sikudhani alirudi baa kwake, akaifunika meza kwa turubai, akaweka kreti tupu juu yake. Walevi waliponung'unika aliwaambia, "Meza imefiwa. Nyie hamjui kufiwa?" Baa ikawa inauza bia na nyama kama kawaida, lakini meza ikabaki imelala pale pembeni, chini ya lile bango la uchaguzi wa vyama vingi ambalo hakuna aliyelibandua mpaka leo. Watu wakawa wanapita kando yake wakiwa wamepunguza sauti.

Sasa niseme lililonifanya nisilale vizuri miezi yote hii.

Unaijua desturi yetu, naiandika tu ili niipange mwenyewe. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anayemwigiza mbele ya wafiwa: anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagombana na watu aliokuwa akigombana nao, mpaka wafiwa wacheke. Wasipocheka, matanga yanamalizika kwa wageni tu. Kwa wenye msiba yanaendelea.

Siku ya mazishi kazi hiyo ilifanywa na watani wa mbali, maana mimi miguu haikuwa yangu. Waliingia kaburini wakalala, wakasema huyu fundi ni mzembe, hawamruhusu kuingia mpaka wapewe jogoo. Watu walicheka. Hata mama yako alicheka, mkono ukiwa mdomoni. Mjomba, baba yako, hakucheka. Alikaa kwenye ule mkeka akiwa amenyooka kama yuko kanisani mstari wa mbele, anatazama mbele yake.

Halafu wakaja watu wa mjini. Kila aliyekaa pale, baada ya pole, alianza kusimulia namna ulivyokuwa ukipasua, ile kupiga mipira ya pool kwa mara ya kwanza itawanyike. Mmoja akasema ilikuwa kama bati likipigwa na jiwe. Mwingine akasema hapana, ilikuwa kama gunia la karanga likipasuka. Yule dereva wa trekta akainuka kabisa akaonyesha unavyosimama, akakosea, wenzake wakamzomea. Wakasahau kwamba wako msibani. Na Mjomba alikuwa anasikiliza, Fide. Mjomba, mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa anakwambia kwamba fimbo ni ya kufukuzia nyoka na baa ni mahali pa kumpotezea Mungu muda wake. Mjomba ambaye hakuwahi kuingia mle hata kuomba maji.

Watu walipopungua aliniita. Alikuwa anachezea ukingo wa mkeka. Akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa na kitu kizuri namna hiyo, na mimi sikukiona?"

Nikaunyoosha ule ukingo alioukunja. 

Akasema, "Wewe ndiye mtani wake wa damu. Siku ya kumaliza matanga, nionyeshe."

Nilisema ndiyo, Mjomba. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, lakini yeye aliisikia.

Basi hapo ndipo hofu yangu ilipoanza, na hofu yangu unaifahamu kuliko mtu yeyote. Kuiga kukohoa kwako ningeweza. Kuiga mwendo wako ningeweza, nikiwa nimekunywa soda mbili. Lakini Mjomba hakuomba kikohozi. Alitaka kukuona ukipasua, na mimi nilikuwa mpasuaji mbaya kuliko wote Makanyagio. Mipira ilikuwa inanionea huruma. Nikipiga, ile pembetatu ya mipira ilikuwa inatikisika kidogo, mpira mmoja unatoka kando kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, basi. Wewe ulikuwa unaegemea ukuta unacheka mpaka unakaa chini. "Karani, unagonga kama unabisha hodi kwa bosi!" Na baa nzima ikadaka. Ikawa nikishika fimbo tu wanapiga kelele, "Hodiii!"

Lakini nakumbuka pia kwamba wote wakishakwenda kununua nyama ulikuwa unabaki na mimi. Ulinishika kiwiko kwa vidole vyako vya grisi, ukachafua mashati yangu yote ya kazi, na ulisema maneno mawili yaleyale. La kwanza, "Mkono ulale, fimbo ndiyo iamke." La pili, "Usiupige. Upite." Nilikuwa nasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, nilikuwa naogopa kuuliza.

Baada ya mazishi nilimwendea Mama Sikudhani nikamweleza alichotaka Mjomba. Nilitegemea anifukuze. Aliniangalia, akaenda akatoa kreti, akakunja turubai vizuri kama anakunja nguo ya mtoto. Akasema, "Hiyo siyo kucheza, hiyo ni kazi ya msiba. Njoo mchana, wakati hakuna watu." Fimbo yako alikuwa ameificha chumbani kwake. Ile uliyoizungushia mpira wa tyubu kwenye kishikio. Niliponusa ile tyubu... 

Niache kwanza.

Nimerudi. Nilianza kwa nguvu. Niliona kwamba wewe ulikuwa na mabega, mimi sina, basi nikusanye nguvu zote nilizo nazo. Nikabana fimbo mpaka kucha zikawa nyeupe, nikapiga. Mpira mweupe uliruka juu ya meza, ukapita dirisha la jikoni, ukatua kwenye sufuria ya maharage ya dada yako Agripina, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana cha kuuza. Agripina alitoka na mwiko mkononi. Hakugomba. Alisema tu, "Mtani, haya yalikuwa yameshaiva, hayakuhitaji nyama ya aina hiyo."

Kuanzia siku hiyo akawa anakaa kunitazama. Alijifunza kupanga mipira vizuri kuliko wewe, na usikasirike. Anaisukuma mbele kwa vidole mpaka yote inashikana, halafu anainua ile pembetatu ya mbao polepole bila kuitikisa. Alisema mipira ikiachana hata nafasi ya karatasi, nguvu inapotelea hapo katikati. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Fide alikuwa anakula kwangu kila siku na anaongea chakula kikiwa mdomoni. Ulidhani nilikuwa sisikii?"

Na ndiye aliyeona kasoro yangu. Alisimama upande wa pili wa meza, mimi nikapiga, akasema, "Unafumba macho."

Nikakataa. Nikasema mimi ni mtu mzima, nina cheti cha kidato cha nne, siwezi kufumba macho.

Akasema, "Piga tena, halafu uniambie nilinyanyua nini."

Nikapiga. Sikujua alinyanyua nini. Alikuwa amenyanyua jogoo, Fide. Jogoo mzima, mwenye mabawa wazi, aliyeletwa kuchinjwa. Sikumwona wala sikumsikia.

Hapo nilielewa. Miaka yote hiyo nilikuwa nafumba macho kabla tu ya fimbo kugusa mpira, kwa sababu ya kuogopa ule mlio. Na mtu aliyefumba macho anaizuia fimbo yake. Ndiyo maana ulikuwa unaniambia niupite. Mimi nilikuwa nafika kwenye mpira nasimama, kama mtu aliyefika mlangoni akaghairi. Fimbo yako ilikuwa haisimami. Ilikuwa inaendelea mbele, inaingia palepale mpira ulipokuwa, na bega lako linaifuata, kana kwamba ulikuwa na safari ya mbali zaidi na mpira ulikuwa njiani tu.

Basi ikawa kila mchana Agripina ananyanyua kitu. Kijiko. Kitunguu. Kanga ya Mama Sikudhani. Nikipiga nisipotaja alichonyanyua, hanipi chakula. Mwanzoni nilikonda. Baadaye nikaanza kutaja.

Mkono nao niliufundishia ofisini, na hili ndilo la kuniogopesha, maana unajua bado niko kwenye majaribio ya kazi, na bosi wangu Bwana Masanja ni mtu wa kuhesabu hata pini. Pale masijala kuna ile rula nyeusi ya mviringo, nzito, ya tangu zamani. Wenzangu wakienda chai ya asubuhi nilikuwa nalaza chupa tupu ya soda juu ya mafaili, mdomo ukinielekea, halafu naipeleka rula mbele na nyuma ndani ya mdomo wa chupa bila kugusa kioo. Ukibana mkono, inagusa. Ukiharakisha, inagusa. Ukivuta nyuma taratibu, ukatulia kidogo, halafu ukaiachia, inaingia yenyewe bila sauti. Siku ilipoingia mara nyingi mfululizo nilisikia sauti yako kabisa: mkono ulale, fimbo ndiyo iamke. Kumbe ulikuwa unasema jambo rahisi hivyo.

Bwana Masanja aliingia siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeinama mezani, jicho moja kwenye rula, kidevu kimekaribia chupa. Akasimama. Akauliza, "Unafanya nini?"

Nikasema, "Napima, mzee."

"Unapima nini?"

"Chupa."

Akatazama chupa. Akanitazama. Akatoka. Fide, nilikaa jioni ile nikiandika kichwani barua ya kuachishwa kazi, na niliiandika vizuri, kwa lugha yake, mpaka nikajikuta narekebisha nukta. Kesho yake hakusema kitu. Kesho kutwa hakusema kitu. Nilikuwa nikisikia viatu vyake kwenye korido, naficha chupa.

Mpunga ukavunwa, ikapangwa siku ya kumaliza matanga. Siku mbili kabla, Bwana Masanja aliniita ofisini kwake. Niligonga mlango, na nilipogonga nilikumbuka "Hodiii!" nikataka kulia. Alikuwa anasoma, hakuinua kichwa. Akasema, "Nasikia una kazi kwa mjomba wako."

Nikasema ndiyo, mzee.

"Nenda. Na hiyo rula uirudishe mahali pake ukimaliza kupima."

Mji mzima ulikuwa unajua, Fide. Nilikuwa nanyata kwenda baa kupitia nyuma ya mashine ya kusaga, nimevaa kofia, kumbe watu wananisalimia kwa adabu tu wasinivunje moyo.

Siku yenyewe tulianza Mwamkulu kwa Misa ya nyumbani. Watu wakala wali. Watani wakagawana takataka za kuchekesha, mmoja akachukua sandali yako moja akasema ya pili atakuja kuidai kwako. Mjomba alikula kidogo. Halafu akainuka, akavaa koti lake la kanisani, akasema, "Twende." Tukatembea kuja mjini, wazee, akina mama, wote, yeye mbele.  Mimi nilikuwa nyuma yake, natazama visigino vyake, nasema moyoni: upite, upite, upite.

Mama Sikudhani alikuwa ameondoa chupa zote kaunta, akatandika kitambaa cheupe. Lile bango ndilo pekee aliloliacha. Mjomba alisimama kizingitini. Kofia mkononi. Niliona anatazama chini, kama mtu anayepima kina cha mto. Halafu akainua mguu, akaingia.

Akauliza, "Alikuwa anasimama wapi?"

Nikamwonyesha. Pale kwenye ukingo wa meza bado kuna alama nyeusi za vidole vyako, grisi ya cheni, Mama Sikudhani hataki zifutwe. Mjomba akaziwekea vidole vyake juu. Vililingana nazo, ila vyake vinene.  Agripina alikuwa anapanga mipira, akaivunja, akaipanga tena upya.

Sasa ilikuwa zamu yangu. Mtani akianza hawezi kurudi. Nikavaa kofia yako. Nikatembea kwa mwendo wako ule wa kuburuza kiatu cha kushoto, kicheko kidogo kikasikika kwa akina mama. Nikapulizia chaki kwenye pua ya dereva wa trekta, akapiga chafya, wakacheka zaidi. Halafu likaja lile jambo lako la kuvua kofia na kumvisha mtu mkubwa kuliko wote aliyemo. Ulimvisha hata polisi. Nikatafuta kwa macho ni nani mkubwa mle ndani.

Alikuwa Bwana Masanja. Alikuwa amekuja. Amesimama karibu na mlango na suti yake ya kaki.

Fide, niliona kazi yangu, mshahara wangu, chumba changu cha kupanga, vyote vikiwa juu ya kichwa kile chenye upara. Nikaenda. Nikamvisha kofia yako yenye grisi mpaka masikioni. Nikasema kwa sauti yako, "Mzee, nishikie hii, na usiniibie!" Baa ikalipuka. Yeye hakutikisika hata kidogo. Alisimama vilevile, kofia imemfunika nyusi, kama mtu aliyekabidhiwa mali ya serikali.

Baada ya hapo sikuwa na kitu cha kuogopa tena. Kilikuwa kimeisha. Nikapiga teke mguu wa meza, nikaiambia mipira, "Amkeni, kumekucha!" Nikainama. Vidole vyangu vya kushoto nikavitandaza juu ya kitambaa, fimbo ikalala juu yake. Nikauangalia mpira mweupe chini kidogo ya katikati, nikauangalia ule wa mbele, uso kwa uso. Nikavuta nyuma taratibu. Nikatulia. Mkono ukalala.

Nikaupita.

Na macho yalikuwa wazi. Fide, sikujua. Kwa nini hukuniambia? Miaka yote nilikuwa nasikia mlio tu, sikuwahi kuona. Sikujua kwamba inafunguka vile, yote kwa pamoja, njano na nyekundu na bluu, kila mmoja unakimbilia ukingo wake na kurudi na kupishana, na ule mweupe unarudi nyuma kidogo na kusimama katikati ya meza kana kwamba haujafanya kitu. Mmoja ukaingia shimo la kona. Mwingine ukaenda polepole, polepole, watu wanausindikiza kwa "eeeeh," ukadumbukia. Wewe ulipokuwa ukipasua halafu unawatazama watu badala ya kutazama mipira, nilidhani ni maringo. Nami nikainua kichwa nikawatazama. Nyuso zote zilikuwa wazi. Agripina upande wa pili alikuwa hajanyanyua kitu chochote, alikuwa amemshika baba yake mkono.

Mjomba mdomo ulikuwa wazi kama wa mtoto.

Akasema, "Rudia."

Agripina akapanga. Nikarudia. Safari hiyo haukuingia hata mmoja, lakini mlio ulikuwa wako kabisa. Akasema tena, "Rudia." Nikarudia.  Baada ya ile ya tatu akakaa kwenye kreti, akasema, "Na hakuniambia mshenzi huyu."  Halafu akasema, polepole, "Aliniambia. Kila Jumapili alikuwa anasema njoo baba uone. Ni mimi sikuja."

Nilidhani imeharibika. Nilidhani nimemletea Mjomba kilio kingine badala ya kukimaliza. Lakini alipoinua kichwa kujifuta macho, akamwona Bwana Masanja. Bado ameshika nafasi yake mlangoni, kofia yako bado imemfunika nyusi, hajaambiwa aivue na hajaivua. Mjomba alimtazama muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Halafu kikatoka kile kicheko chake cha zamani, kile cha kuvuta pumzi kwa ndani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa tunamwibia miwa. Akacheka akilia, akilia akacheka, mama yako akamdaka begani, watu wote wakashika vichwa. Bwana Masanja ndipo akaivua kofia, akampa Mjomba kwa mikono miwili. Akasema, "Pole sana, mzee mwenzangu. Imekuwa salama."

Matanga yakaisha hapo. Yaliisha kweli.

Kwangu pia kuna kilichobadilika, ingawa sitaki kujisifu mapema. Juzi niliambiwa nisome majina ya watu kwenye baraza, wamejaa, na nikasoma mpaka mwisho bila kukohoa. Nilipofika nusu nilitaka kusimama. Nikaona fimbo yako inaendelea mbele, nikaendelea nayo. Majaribio yangu bado hayajaisha na barua ya kuthibitishwa sijaiona. Bwana Masanja hasemi kitu. Lakini ile rula sasa haikai tena kwenye kabati lake, anaiacha juu ya meza yangu.

Sasa siri.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mtu aligonga chumbani kwangu. Mjomba. Amekuja kwa baiskeli kutoka Mwamkulu, suruali ameichomeka kwenye soksi. Akakataa chai. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Nifundishe. Na usimwambie mtu yeyote aliye hai. Padri akijua, jumuiya wakijua, shangazi zako wakijua, nimekwisha."

Tangu hapo kila Jumamosi, kabla baa haijafunguliwa, Mama Sikudhani anatuachia mlango wa nyuma, yeye anakwenda sokoni makusudi. Baba yako anapasua, Fide. Anapasua vibaya sana. Analima. Anainua fimbo kama jembe, anashusha, mpira mweupe unakwenda mpaka nje, mara mbili nimeufuata kwenye majani ya jirani. Ana nguvu unazozijua, na mimi niliyekosa nguvu ndiye ninayemwambia, "Mjomba, mkono ulale." Mara ya kwanza nilimwambia huku natazama mlango. Akageuka akaniuliza, "Nani kasema hivyo?" Nikamwambia ni wewe. Akalegeza vidole kimoja kimoja, akasema, "Haya. Kama ni yeye kasema."

Jumamosi iliyopita mipira ilifunguka. Haikufunguka yote, ilifunguka nusu, lakini alisikia tofauti mwenyewe. Akanigeukia akasema, "Nimeupita?" Nikamwambia, "Umeupita, Mjomba." Akaweka fimbo chini, akatembea mpaka zile alama zako ukingoni, akazigusa, akarudi, akasema, "Panga tena."

Nakuahidi sitamwacha mpaka apasue kama wewe. Nakuahidi pia nitaacha kupita nyuma ya mashine ya kusaga. Nitapita barabarani, mchana, kichwa wazi. Lala vizuri, mtani. Mbishi wewe. Nimekukumbuka mpaka naumia, lakini siku hizi nikiumia napata pia kucheka.

Ukitaka kunipata: ndotoni usinijie ghafla, unajua nilivyo. Bisha hodi kwanza, na nitajua ni wewe kwa jinsi utakavyobisha vibaya kwa kunicheka. Siku za kazi usije ofisini, Bwana Masanja hapendi wageni bila taarifa. Njoo Jumamosi asubuhi, baa kwa Mama Sikudhani, mlango wa nyuma tunauacha umeegeshwa tu. Ingia polepole, baba yako atakuwa ameinama. Simama upande wa pili wa meza, pale anaposimama Agripina, na unyanyue kitu chochote ulicho nacho.

Safari hii nitakiona.

Mtani wako,
Karani